Uliza Rangi ya Lori Kwanza

Vijana wangu mlioshika kazi hii sasa, nawaandikia nikiwa nje ya nyumba yangu hapa mtaa wa West Indies, kaunti ya Uasin Gishu, kiti kimeegemea ukuta, blanketi magotini. Ni asubuhi ya Julai na ukungu haujaamua kama utaondoka. Nyumba za ng'ambo ya barabara naziona nusu nusu, paa bila ukuta. Mtu akipita huja kwanza kama kivuli, halafu viatu, halafu uso, na akishasema "Habari ya asubuhi, Mama Apiyo," anarudi kuwa kivuli. Miaka ya kazi yangu hunijia hivyo hivyo siku hizi. Sura zinakuja zenyewe, hazipangi foleni. Mmoja wenu aliniambia kwa simu, "Mathe, andika tu, hata kama si kwa order." Nilimshukuru, kwa sababu order sina tena.

Kwa wasionijua, mimi nilikuja mji huu kutoka upande wa ziwa nikiwa msichana, nikawa mchapaji wa barua kwenye saiba moja mjini, duka la kompyuta za kulipia. Barua za kazi, barua za kuomba shule, hata barua za kuachana. Baada ya vita vya uchaguzi, wakazi kadhaa tulifungua ofisi ndogo tukaiita Kikao. Nia ilikuwa moja, mwananchi aweze kuuliza na kusema juu ya mambo ya wadi yake bila kungoja mkubwa aje na gari na maikrofoni. Tulikuwa tumeona simu zikitumiwa kuchoma. Tukasema, hebu tuone kama zinaweza kutumiwa kukaa pamoja. Nilifanya kazi hiyo mpaka macho yakakataa skrini.

Kosa letu la kwanza lilikuwa tovuti. Ilikuwa nzuri, sitawadanganya. Juu kulikuwa na picha ya shamba la mahindi, chini kisanduku cha kuandika maoni yako, na kando mahali pa kusoma mipango ya wadi, kurasa na kurasa. Tulipoifungua tulikunywa soda. Halafu tukangoja. Kila asubuhi nilikuwa nafika, navua sweta, nafungua kompyuta kuona wananchi wamesema nini. Hawakuwa wamesema kitu. Siku moja nikakuta oni moja nikaruka kwenye kiti. Mtu alikuwa anauliza kama tunauza ndama.

Tulimjibu hatuuzi. Hakurudi.

Ndipo akaja Mzee Kirwa. Ninamwona sasa hivi kama anavyotoka kwenye huu ukungu: mrefu, koti la mvua, gambuti zenye tope la mashamba ya Moiben, kofia ameivua mlangoni kwa adabu. Alikuwa mkulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa, na watu wa kwao walikuwa wamemtuma aje aone hiyo ofisi inayosemekana inasikiliza watu.

"Chamgei," akasalimu. "Ni hapa?"

"Ni hapa, Mzee. Karibu uketi."

"Hiyo tovuti yenu iko wapi?"

"Iko kwa intaneti."

Akafikiri kidogo. "Na intaneti iko Moiben sehemu gani?"

Akatoa kwenye koti simu ya kabambe, zile ndogo zenye tochi, imefungwa kwa raba isipasuke. Akaiweka juu ya meza yangu, akaisukuma taratibu mpaka ikagusa kompyuta.

"Hii," akasema, "ndiyo iko Moiben."

Alikuwa ameisukuma kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala magotini, kifundo kimejipinda kuelekea ndani, vidole havifungi vizuri. Niliuangalia nikageuza macho, kama unavyofanya mbele ya mgeni.

Kuanzia mwezi ule tuliacha kuwaita watu waje kwenye tovuti, tukawafuata waliko. Tulichukua namba moja ya simu, rahisi kushika, watu wakawa wanatutumia ujumbe mfupi, na sisi tunawatumia swali. Mzee Kirwa akawa mwenzetu wa upande wa Moiben. Hakujua kompyuta lakini alijua watu, na mambo mengi niliyowafundisha nyinyi mkidhani ni yangu niliyatoa kwake. Swali moja kwa ujumbe mmoja. Usiandike "ushirikishwaji wa umma," andika "njoo useme." Mtu akituma matusi, usimjibu kwa maandishi, mpigie. Nilimpigia mmoja aliyetuita wezi wa mchana, tukaongea kwa muda mrefu, na kumbe alikuwa na hasira kwa sababu aliuliza juu ya zahanati mara mbili na hatukumjibu. Alikuwa na haki yake. Tangu siku hiyo kila aliyeandika alijibiwa kwa jina lake, hata kama jibu ni "bado hatujui."

Na mkiandika saa, andikeni vizuri. Hapo napo nina kosa.

Kaunti zilipoanza, sheria ikasema wananchi lazima waulizwe kabla ya mipango kupita. Kwa Mzee Kirwa kulikuwa na kijito ambacho wafugaji walikivuka kila asubuhi kupeleka maziwa. Mvua ikinyesha walikivuka maji yakiwa kiunoni, mtungi kichwani. Wakasikia kwamba mpango wa mwaka ule ni kujenga lango kubwa la mapambo pale senta, la kuwakaribisha wageni. Mkutano wa kuwauliza wananchi umepangwa Jumanne, saa tatu asubuhi.

"Saa tatu," Mzee Kirwa alisema kwenye simu, "mtu wa maziwa yuko kwa foleni ya maziwa. Huo mkutano watahudhuria wale wale saba, wataandika majina, chai itanywewa, lango litasimama."

Tukatuma swali kwa kila namba ya upande ule: *Mkutano wa wadi, wewe utaweza kuja saa ngapi? Jibu 3, 5 au 8.* Majibu yakaanza kuanguka kama mvua ya mawe kwenye mabati. Nane. Nane. Nane. "Nane, na si Jumatano, ni siku ya soko." "Nyinyi ni nani?" "Niko matangani Kitale lakini nane ni sawa." Niliyachapa yote, kurasa zikajaa, Mzee Kirwa akaja kuzichukua akaenda nazo kwa afisa wa wadi.

Afisa akamwambia ratiba imeshapita.

"Sijakuja kubishana," Mzee akamwambia. "Nimekuja ukae usome. Mimi nitangoja hapa nje." Akakaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, kofia gotini, akisalimia kila anayeingia na kuwaambia anangoja afisa amalize kusoma. Kufikia mchana afisa alikuwa amemaliza. Mkutano ukasogezwa.

Kosa langu lilikuwa lile la kuandika 8 bila kusema mchana. Mzee mmoja aliyesoma shule za zamani aliielewa nane ya Kizungu. Akafika saa mbili asubuhi na koti lake la Jumapili, akakaa peke yake kwenye viti vitupu mpaka saa nane. Alikuwa na hasira kuliko wote, na alikuwa amejitayarisha kuliko wote.

Lakini watu walikuja, vijana wangu. Ninapofumba macho bado wanakuja, kutoka kwenye mahindi pande zote mbili za njia, wanawake kwa wanaume, gambuti, lesso, mitungi mitupu ya maziwa inagongana taratibu kama kengele za mbali. Sijui kama kweli ilikuwa kimya hivyo au ni mimi ninayeota. Afisa alieleza juu ya lango, akaonyesha mchoro wake, rangi nzuri. Halafu mama mmoja akasimama, mtungi bado mkononi.

"Hilo lango ni zuri," akasema. "Sina neno nalo. Nauliza tu, tutapita chini yake tukiwa tumelowa mpaka wapi?"

Watu walicheka mpaka afisa naye akacheka. Daraja likapita. Lilichukua muda, lakini lilijengwa, na nimelivuka kwa miguu yangu.

Nikafurahi siku ile, na furaha hiyo ndiyo ilinivunja. Kwa sababu tukitembea kuelekea mkutanoni, Mzee Kirwa alikuwa ameniambia juu ya mkono wake. Aliniambia kama mtu anayesimulia hali ya hewa.

"Wakati wa vita nilikuwa na lori. Nilibeba mahindi ya majirani, kila mmoja alitoa debe, nipeleke kwa wale waliokuwa wamekimbilia kanisani mjini. Vijana wetu wakanisimamisha kwa kizuizi. Walikuwa wamesikia lori imebeba silaha. Nikawaambia kwa lugha yetu, ni mahindi. Wakapanda wakaona ni mahindi. Wakauliza yanapelekwa kwa nani, na niliposema, hiyo ikawa mbaya kuliko silaha. Wakanipiga. Lori wakachoma."

Nikamuuliza ilikuwa njia gani. Akanitajia. Nilikuwa naijua tayari.

Sasa lazima niwarudishe Januari ile. Siipendi, lakini bila hiyo hamtaelewa kwa nini niliifanya kazi hii kwa miaka mingi hivyo.

Matokeo ya kura yalikuwa yametangazwa siku chache tu zilizopita. Moshi ulikuwa juu ya mji, mchana ulikuwa na rangi ya jioni. Jirani yangu hapa West Indies alikuwa Mama Shiru, fundi cherehani, mtu ambaye watoto wake walikula kwangu na wangu walikula kwake. Kabila lake ndilo lililokuwa linafukuzwa. Langu halikufukuzwa siku hizo, na sitajifanya hilo halikunipa usingizi. Alitoka asubuhi na watoto, kichwa cha cherehani amekifunga kwa shuka na kukibeba mgongoni kama mtoto. Akanipa ufunguo.

"Mama Apiyo, angalia nyumba."

"Nitaangalia."

Hatukusema kingine. Alikwenda kanisani na wenzake.

Kesho yake simu yangu ililia. Binamu yangu alikuwa ametumiwa ujumbe, akanitumia: *Lori ya kijani yenye turubai inatoka upande wa Moiben. Imebeba watu na silaha. Wapitishie watu wako.* Sikuuliza kitu. Nilikaa kitandani, nikautuma kwa kila jina lililokuwa kwenye simu yangu, moja baada ya lingine, mpaka salio likaisha. Ndugu, marafiki, watu wa kanisa, wateja wa saiba. Nilipomaliza nilihisi nimefanya jambo jema. Nililala mchana huo kama mtu aliyefunga mlango vizuri.

Siku chache baadaye nilipata unga kidogo nikaupeleka kanisani. Mama Shiru nilimkuta ameketi kwenye nyasi, cherehani bado imefungwa kwenye shuka kando yake.

"Tuliambiwa kuna lori ya mahindi inakuja," akaniambia. "Tulingoja. Akina mama waliweka sufuria motoni kabisa. Ikachomwa njiani. Watoto tuliwapa maji ya moto na chumvi."

Sikuweza kumtazama. Nilisema labda itakuja nyingine.

Nikirudi, karibu na stendi, nikakutana na mteja wangu mmoja wa saiba, mwanamume niliyewahi kumchapia barua nyingi za kutafuta kazi. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Asante, Mama Apiyo," akasema. "Meseji yako ndiyo ilitufikia kwanza."

Alikuwa ananishukuru.

Basi nilikaa na hiyo. Mama Shiru hakurudi West Indies, aliondoka na watoto kwenda kwa dada yake mbali, nikamfungashia vyombo vyake na ufunguo nikamrudishia mwenye nyumba. Nilifanya kazi ya Kikao kama mtu anayefagia ua ambao yeye ndiye aliutupia takataka. Na katika wazee wote wa Uasin Gishu, aliyeletwa mlangoni kwangu ni mwenye lori.

Baada ya mkutano wa daraja alinikaribisha kwake. Tuliketi nje, jua limelainika, mahindi yametoa nywele, mke wake akatuletea mursik, maziwa ya mgando, kwenye vikombe vikubwa. Alikuwa na furaha. Alikuwa anasema sasa tufanye hivyo kwa dipu ya kuogeshea ng'ombe. Mimi nikakiweka kikombe chini.

"Mzee," nikasema, "ule ujumbe wa lori. Mimi niliutuma. Uliwafikia wale watu wa kizuizi kutoka kwa simu yangu."

Akasimama, akavaa kofia, akaenda kwa ng'ombe. Nilimsikia akifungua lango la boma. Mke wake alinitazama kwa huruma, lakini hakunizuia nilipoinuka. Nilitembea mpaka barabarani peke yangu.

Wiki ya kwanza hakuja ofisini. Wiki ya pili pia. Ujumbe wa Moiben ulikuwa unaingia, watu wanauliza juu ya dipu, na mimi nawajibu kwa majina yao, nikijua mwenyewe wa upande ule ameondoka. Nilianza kuandika barua ya kuacha kazi. Nilikuwa nimewachapia watu barua za aina hiyo maisha yangu yote, na yangu ikakataa kwenda zaidi ya tarehe.

Asubuhi moja akaingia. Kofia ameivua mlangoni. Akaketi palepale pa siku zote.

"Lori yangu," akasema, "ilikuwa ya buluu."

Nikamtazama.

"Niliinunua ikiwa ya buluu. Jua liliipiga miaka mingi, wengine wakawa wanasema ni kijani. Mke wangu alisema kijani. Mimi nilikataa. Kwangu ilikuwa ya buluu tu."

"Ndiyo, Mzee."

"Asubuhi ile nilikuwa nimeisimamisha, nafunga turubai. Simu ikalia. Nikasoma: lori ya kijani, yenye turubai, kutoka Moiben. Unajua nilifanya nini?"

"Sijui."

"Niliituma kwa mke wangu. Nikamwandikia, funga lango, kuna lori mbaya ya kijani inazunguka. Nikatuma kwa ndugu zangu. Nikatuma hata kwa padri. Halafu nikapanda lori yangu nikaiwasha."

Nje mtu alikuwa anauza mahindi ya kuchoma, nikasikia mkaa ukipasuka.

"Wiki mbili hizi nimekuwa nikikukasirikia," akasema. "Kila nikikukasirikia, nakumbuka kidole changu mwenyewe. Sasa niambie, huu mkono ungevunjika kama wewe hungetuma?"

"Sijui, Mzee."

"Hata mimi sijui. Kwa hivyo tusijifanye tunajua." Akavuta karatasi kwenye meza yangu, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika polepole, herufi kubwa za mtoto wa shule. *Nani ameona kwa macho? Alikuwa amesimama wapi? Rangi gani?* Akaisukuma kwangu. "Kama mtu mmoja tu angeniuliza rangi," akasema, "tungebishana juu ya buluu na kijani mpaka mahindi yafike."

Hakusema amenisamehe na mimi sikumuuliza. Tulianza kupanga mambo ya dipu. Karatasi ile ndiyo mliyoikuta kwenye ukuta wa ofisi mkadhani ni ya mradi fulani wa wafadhili.

Miaka ikapita, na vyombo vikabadilika haraka kuliko sisi. Simu za kioo zikafika mpaka kwa wachunga ng'ombe. Ujumbe mfupi ukawa grupu za wasap, kila wadi na grupu yake, na mimi na Mzee Kirwa tukawa waangalizi wa zote, yeye akiwa na simu mpya aliyoifunga kwa raba ile ile. Nilijifunza kwamba aliyekosa kwenda shule hasomi kurasa za mpango, lakini atasikiliza sauti ya dakika moja akikamua. Kwa hiyo tukawa tunasoma mipango kwa sauti, mimi kwa Kiswahili, yeye kwa Kikalenjin, na ng'ombe wake wakisikika nyuma. Kuna mama alinitumia ujumbe kusema haelewi sana ile bajeti lakini ng'ombe wa Mzee wana afya.

Na Mama Shiru alirudi. Si West Indies, alichukua nyumba Kapsoya, akafungua duka lake la kushona. Nilimwona jina kwenye grupu ya huko kabla sijamwona uso. Nilikwenda nikamweleza yote, lori, ujumbe, asante ya yule mteja. Alikuwa anapinda ukosi wa yunifomu ya shule. Hakusimamisha mashine mpaka mshono ulipofika mwisho.

"Mimi pia ningetuma," akasema. "Si nilikuwa natuma za kwetu? Kila mtu alikuwa na zake." Akakata uzi kwa meno. "Leta hiyo sketi yako, pindo limeachia."

Uchaguzi mmoja wa baadaye ulipokaribia, ikatokea siku niliyoiogopa. Ilikuwa mchana, jua kali. Kwenye grupu ya Kapsoya ikaingia sauti ya mwanamume asiyejulikana: maji ya mfereji yametiwa sumu, na waliotia ni wale wale, mnawajua, msiyanywe, ondoeni watoto. Kabla sijamaliza kuisikiliza ilikuwa imeingia tena kutoka kwa watu wengine. Mama mmoja akaandika anaenda kuchukua watoto shuleni. Mwingine akasema majirani wameanza kufunga virago. Mtu akauliza, "Tunangoja nini?" na swali hilo, vijana wangu, nilishawahi kulisikia.

Nikaandika maswali yetu. Nani ameona kwa macho? Alikuwa amesimama wapi? Hakuna aliyejibu. Nikampigia bwana mmoja tuliyemjua pale mitambo ya maji, akanishangaa. "Mama, haya maji ndiyo nimechemshia chai sasa hivi. Niko nayo mkononi." Nikaandika hivyo, nikaweka na sauti yake.

"Amelipwa," mtu akajibu. "Na wewe Mama Apiyo umelipwa pia."

Kidole changu kilikuwa juu ya kile kitufe cha kufunga grupu ili mwangalizi peke yake aandike. Mkitumia kitufe hicho, fikirini. Ukiwafungia watu mlango wa kuongea mbele yako, wataongea nyuma yako, na huko huwezi kuwauliza rangi. Niliondoa kidole. Lakini sikuwa na la kufanya tena, nakiri. Nilikaa tu.

Ndipo ikaingia video. Mama Shiru, jikoni kwake, simu ameiegemeza kwenye kitu. Alifungua mfereji mbele yetu, akaacha maji yatiririke, akajaza kikombe cha bati mpaka juu. Akakishika karibu na kamera tuyaone. Halafu akayanywa yote bila kupumzika, shingo inapanda na kushuka, akafuta mdomo.

"Mimi ni Mama Shiru fundi," akasema. "Duka la kona, mnanijua. Nilishawahi kukimbia mji huu mara moja kwa sababu ya maneno. Leo sitoki. Nani mwingine yuko nyumbani?"

Kisha ikaja picha moja, mzee wa kanisa, glasi mkononi. Halafu mwalimu na chupa yake, chaki pembeni. Halafu kikombe, jagi, kata, sufuria, mtu anakinga maji kwa viganja kwenye mfereji wa ploti. Watu wa makabila yote wa Kapsoya, mmoja mmoja, vichwa vimeinuliwa, macho yamefumbwa kidogo kama mtu anavyonywa akiwa na kiu. Picha zilipanda kwenye simu yangu bila sauti, moja juu ya nyingine, na mimi nikasimama nikaenda kwenye mfereji wangu hapa West Indies nikanywa nami, nikajipiga picha imepinda, nikaituma. Yule mama aliyekuwa anaenda shuleni akaandika kwamba amegeuka yuko njiani kurudi. Aliyesema tumelipwa alituma kikombe chake bila maneno.

Mwisho kabisa ikaja ya Mzee Kirwa. Amesimama shambani kwake Moiben, gambuti, kofia, kando ya kisima. Kikombe amekishika kwa mkono wa kulia, na wa kushoto umekizunguka kwa chini kukishikilia.

Nikampigia nikicheka na machozi.

"Mzee, hayo ni maji ya kisima chako. Hayatoki kwa mfereji wa Kapsoya. Hakuna aliyesema kisima chako kina sumu."

"Najua, Mama Apiyo," akasema, na nyuma yake nikawasikia ng'ombe. "Lakini nyinyi wote mlikuwa mnakunywa. Ningekaa hapa nikiwaangalia tu?"